Natakiwa nikamwombe radhi mteja aliyenikuna kiganja

Shikamoo shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 26, keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Moshi mjini. Huu ni mwaka wangu wa tatu. Duka ni la mama mdogo. Yeye na mama yangu ni watoto wa ndugu wawili, wamelelewa nyumba moja Kibosho. Wakati ananichukua nilikuwa nimekaa nyumbani na cheti changu cha uhasibu bila kazi, na mama alikuwa amelazwa KCMC. Bili ya hospitali alilipa yeye, na hajawahi kunisimanga kwa hilo hata siku moja. Naanza na hayo ili usije ukamwona ni mtu mbaya.

Dukani tuko wanne: mama mdogo mwenyewe, mimi kaunta, kaka wa stoo, na kijana anayepakia mzigo. Pembeni ya kaunta kuna huduma ya wakala, watu wanaweka na kutoa pesa, nayo iko chini yangu. Vituko vya kawaida nimevizoea. Fundi anakuja na hela ya tajiri wake, anataka nimwandikie bei ya juu kuliko aliyolipa. Nikimwambia mashine inatoa risiti ya kile kilicholipwa, ananuna wiki nzima. Mwingine anatoa noti kwenye soksi, zimelowa, ananisogezea hadi puani na kucheka. Hayo yanapita. Lililonishinda ni hili.

Tuna mteja mmoja mkandarasi, mzee wa miaka sitini na kitu. Anawajengea watu wanaoishi Dar na nje ya nchi, wale wanaotaka nyumba ya kijijini iwe tayari kabla hawajaja Krismasi. Nondo, saruji, mabati, vyote anachukua kwetu, mara nyingine kwa mkopo, na analipa. Ni mzee wa kanisa, usharika mmoja na mama mdogo. Namwamkia kama ninavyomwamkia baba yangu.

Mwaka jana akaanza tabia. Akilipa, hela haiweki kaunta, ananikabidhi mkononi, na akishanikabidhi mkono hauachii. Halafu kidole chake cha kati kinanikuna kiganja, taratibu, mara mbili tatu. Wakati huo huo anaongea na mama mdogo habari za bei ya nondo, wala hanitazami. Shangazi, mtu akiwa upande wa pili wa kaunta haoni kitu. Anaona mzee analipa.

Halafu zikaja chenji. Ya kwanza 4,500, akasema kaa nayo, ya soda. Ya pili 9,000. Ya tatu 10,000. Nilizichukua. Nilizichukua zote, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, maana baadaye akaniambia, “Soda zangu zimekunogea, mbona hunikaribishi tunywe wote?” Namba yangu ya simu sikumpa, ila usiku nikaanza kuona meseji. Moja ilisema: “Umelala? Kiganja kinaniwasha.” Mtu mwingine akiisoma atasema ni mambo ya hela inakuja.

Nilimwambia mama mdogo. Akasema, “Wazee wa siku hizi ndivyo walivyo, mchekee tu aende zake. Yule ndiye anayelipa kodi ya fremu hii.”

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita duka lilikuwa limejaa. Akanipa hela, akanishika, akakuna. Sijui nini kilinipata, nikauvuta mkono kwa nguvu, noti na sarafu zikamwagika chini, na nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, “Mzee, niachie mkono!” Duka zima likanyamaza. Fundi wa vigae aliyekuwa anachagua gundi akageuka. Mama anayeuza parachichi pale mlangoni akasimama. Mzee akawaangalia watu, akasema, “Huyu binti wenu ana matatizo,” akatoka. Mzigo wake ulikuwa umeshapangwa kwenye kirikuu, ikabidi ushushwe. Tangu siku hiyo hajarudi, nasikia ananunua duka la jirani.

Mama mdogo hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Juzi alinikalisha chini akasema Jumapili baada ya ibada tutakwenda nyumbani kwa mzee, nikamwombe radhi mbele ya mkewe. Kasema kwetu mtu akimkosea mkubwa hupeleka jani la sale, na mkubwa akiletewa sale hana budi kusamehe. Sale atalichuma yeye mwenyewe. Tena gharama ya kirikuu, 15,000, nitakatwa kwenye mshahara.

Kaka wa stoo naye kapata mchezo. Kila akipita mbele ya kaunta anajikuna kiganja na kucheka. Mafundi wamemwiga, wengine wakija kulipa wananinyooshea kiganja. Na nimegundua ndiye aliyempa mzee namba yangu. Huyu kaka ana tabia ya kufungua daftari la wakala, lile wateja wanamoandika jina na namba, ananakili namba za wadada na kuwaandikia usiku. Wiki iliyopita mama mmoja alirudi kulalamika, akanitazama mimi kama vile ndiye niliyemuuza.

Mkataba sina, tulielewana kwa mdomo kindugu. Nimewaza kuondoka kimyakimya. Keshia aliyenitangulia alifanya hivyo, funguo alizituma kwa bodaboda na hakuonekana tena. Mama yangu hajui lolote, naogopa atajiona yeye na ugonjwa wake ndio walioniponza.

Shangazi, Jumapili niende?

Keshia, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usiende.

Nimekujibu hilo kwanza kwa sababu Jumapili haiko mbali. Sasa tukae tuzungumze.

Kuhusu sale. Mimi nimekulia huku huku Kilimanjaro, na jani hilo naliheshimu. Nimeona watu waliokuwa hawasalimiani miaka wakikaa meza moja kwa sababu ya jani moja lililochumwa kwenye ua wa masale. Lakini sale hupelekwa na aliyekosa. Anayelipeleka anakiri kosa lake mbele ya watu, na ndiyo maana anayelipokea anabanwa kusamehe. Ukilibeba wewe Jumapili, mbele ya mke wa yule mzee, utakuwa umekiri kwamba ulimkosea kwa kuuvuta mkono wako. Yeye atakuwa amesamehe, atakuwa mtu mwema, na Jumatatu atarudi kaunta akijua kwamba mkono ule umeshakatazwa kukataa. Jani la wazee wetu halikuwekwa kwa kazi hiyo. Kama sale lina safari katika jambo hili, linatoka kwake kuja kwako, na wewe ndiye utakayeamua kulipokea.

Na ule mkuno usikubali mtu akuambie ni mzaha wa mzee. Sisi wanawake tuliokulia huku tunajua tangu shuleni maana ya mwanamume kukukuna kiganja wakati wa salamu. Ni kukuomba jambo asiloweza kulitamka mbele za watu. Alichagua kiganja kwa sababu ndipo pasipoonekana, na alichagua muda ambao mama mdogo yuko pale pale anaongea naye, ili ukilalamika yeye awe shahidi kwamba hakuona kitu. Mtu aliyejisahau hafanyi hivyo, mwanangu. Huyo anajua anachokifanya.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa mhudumu wa mgahawa Arusha. Kulikuwa na mteja aliyekuwa akikaa meza ya pembeni, ukimwinamia kuweka sahani anakupulizia sikioni. Anapuliza tu, kama anayepoza chai. Msimamizi wetu alikuwa na neno moja, mteja ni mfalme. Nilivumilia miezi nikiamini ni mimi peke yangu, nikaanza kujikagua: labda nainama vibaya, labda marashi, labda nacheka sana. Siku mwenzangu mmoja anaacha kazi nilimsindikiza stendi, na wakati konda anapandisha begi lake ndipo akaniambia, “Yule wa meza ya pembeni simkumbuki kwa heri.” Kumbe naye. Tulikuwa tumelala chumba kimoja mwaka mzima na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Kwa hiyo kuna sentensi kwenye barua yako nimeirudia mara tatu, ile ya keshia aliyekutangulia. Nitairudia mwishoni.

Kwanza hela ya soda, maana naona ndiyo inayokula moyo wako kuliko hata kile kidole. Umeitaja hadi mia tano yake. Jumla ni 23,500. Kuchukua chenji uliyoambiwa kaa nayo, mbele ya tajiri wako, ukiwa kazini, ni jambo ambalo keshia na wahudumu wote wa mji huu wanalifanya kila siku, na mteja mwenye nia njema akishasema kaa nayo, hilo limekwisha. Yeye ndiye aliyeigeuza soda kuwa deni. Hukumuuzia kitu. Hata kama ungekuwa umechukua laki mbili, mkono wako ungebaki wako.

Lakini kama hela hiyo inakukaa shingoni, kuna njia safi ya kuitoa. Umesema mzee anachukua mzigo kwa mkopo, maana yake jina lake limo kwenye daftari la madeni. Mpe mama mdogo 23,500 mkononi, aiandike kuwa imepunguza deni la mzee, tarehe na kiasi. Usimpelekee wewe, usimtumie kwa simu. Iingie kwenye hesabu ya duka ikae huko. Kuanzia hapo, akisema kaa nayo, jibu lako ni, “Asante baba, nakuandikia kwenye hesabu yako.”

Umeona nimesema baba. Msichana akimkataa mtu mzima, watu wanamsubiri ateleze kwenye adabu ili kosa lihamie kwake. Usiwape nafasi hiyo. Lugha yetu ina nguvu kwenye majina ya heshima, itumie: “Shikamoo baba. Baba, hela weka hapa mezani.” Umwite baba kwa sauti ya kusikika, wenye masikio wasikie. Sitakudanganya kwamba neno baba linawazuia wote, kuna wasioona haya. Ila hata huyo asiyeona haya hapendi kuitwa baba na watu wakigeuka kutazama, na mashahidi wako watakuwa wamesikia nani alimheshimu nani. Lile neno lako la Jumamosi, “Mzee, niachie mkono,” lilikuwa na adabu yake pia. Ulimwita mzee. Hukutukana. Usilijutie.

Sasa mama mdogo. Naamini unaposema si mtu mbaya. Nadhani anaogopa. Anaona Krismasi inakuja, nyumba za watu wa Dar zinasubiri mabati, na mteja wake mkubwa yuko duka la jirani. Hofu ya namna hiyo inamfanya mtu mwema aone kiganja cha binti ni kitu kidogo. Lakini usiende kuzungumza naye peke yako. Anza na mama yako.

Najua unataka kumkinga. Ila kwa desturi zetu kuna maneno ambayo wewe kama mtoto huwezi kumwambia mama mdogo, na dada yake anaweza. Mama yako anaweza kumwambia, “Huyu ungekuwa umemzaa wewe, ungempeleka na sale?” Ukilisema wewe, ni ujeuri. Akilisema yeye, ni mazungumzo ya watu waliolelewa nyumba moja. Mweleze mama yote bila kupunguza, na soda usiifiche. Atalia kidogo, halafu ataoga, atavaa kitenge chake, atapanda gari kuja mjini. Ndivyo mama wanavyofanya.

Wewe ukipewa nafasi ya kusema, sema mambo matatu na usiongeze la nne. Kwamba bili ya KCMC hujaisahau na shukrani yako iko pale pale. Kwamba kwa mzee huendi. Na kwamba mzee akirudi dukani anakaribishwa, ila atalipia kwa mama mdogo mwenyewe, au hela ataweka kwenye kisahani. Ukisema hilo la tatu, mama mdogo ataona humfukuzii mteja. Anaweza kwenda kwa mzee yeye mwenyewe, kwa habari za mzigo na deni tu, bila wewe na bila jani.

Nimesema kisahani. Nenda Mbuyuni kanunue kisahani cha bati au cha plastiki, kiweke katikati ya kaunta, na kila mtu aweke hela humo: mzee, fundi, bibi, mtoto aliyetumwa misumari. Chenji nayo irudi humo humo. Kikiwa cha wote hakuna atakayesema umemtenga. Yule wa noti za soksi naye atakoma.

Hiyo 15,000 ya kirikuu usikubali ipite hivi hivi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mwajiri kukata mshahara kwa hasara pale tu ambapo hasara imetokana na kosa la mfanyakazi akiwa kazini, amemwandikia sababu na hesabu yake, amempa nafasi ya kujitetea, na makato hayazidi robo ya mshahara wake wa fedha. Mteja kuondoka kwa sababu hakuruhusiwa kukushika si hasara uliyoisababisha wewe. Sheria hiyo hiyo inasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi ya jinsia ni aina ya ubaguzi na imekatazwa mahali pa kazi. Tena inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi masharti ya kazi yako: maelezo ya kazi, mshahara, saa, tarehe ya kuanza. Kuelewana kindugu hakumwondolei wajibu huo, na wewe kutokuwa na karatasi hakukufanyi usiwe mfanyakazi. Omba karatasi hiyo kwa upole, mambo yakitulia.

Kuondoka kimyakimya nakukatalia. Ukipotea, kitakachobaki dukani ni hadithi yao tu, na duka la wakala lina hesabu zake. Siku pesa ikipungua, aliyetoweka ndiye mwizi. Ukifika mahali huwezi tena, ondoka kwa barua yenye sababu na makabidhiano yaliyosainiwa. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na hapo huhesabiwa kama ameachishwa. Mgogoro wa kuachishwa unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na wako hapo hapo Moshi, ndani ya siku 30. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60. Wengi wanafika siku ya arobaini na tano na malalamiko yao ya haki kabisa, wanaanza kuhangaika kuomba wasamehewe kuchelewa.

Na mzee mwenyewe? Alichokufanyia kina jina katika sheria. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, Kanuni ya Adhabu inasema anayemsumbua mwenzake kingono kwa maneno au kwa vitendo anatenda kosa, na adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 200,000, au vyote viwili. Meseji za usiku zimo, kukuna kiganja kumo. Ila lalamiko lazima litolewe ndani ya siku 60 tangu tukio lenyewe. Zako zilianza kuhesabika Jumamosi ile. Sikusukumi leo kwenda polisi, huo ni uamuzi wako na mama yako. Nakuomba uweke alama kwenye kalenda, siku zisije zikakuamulia. Ukiamua, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, usianze kujieleza mapokezi mbele ya foleni. Watu wengine watakuambia nenda TAKUKURU. Rushwa ya ngono inamhusu mwenye mamlaka juu yako anayedai mwili ili akupe kazi, cheo au huduma. Mteja wa nondo si huyo. Angekuwa ni tajiri wako, ningekuambia piga 113 leo hii.

Kwa njia yoyote utakayochagua, weka ushahidi sasa. Meseji usifute hata moja. Zipige picha, umtumie mtu unayemwamini. Kama juu ya kaunta kuna kamera, ujue kamera nyingi za maduka hufuta picha za zamani zenyewe kadiri mpya zinavyoingia, kwa hiyo mwombe mama mdogo ile ya Jumamosi itunzwe kabla haijapotea. Kisha chukua daftari, andika unavyokumbuka: tarehe, saa, alilipia nini, alisema nini, nani alikuwepo. Fundi wa vigae. Mama wa parachichi, yule mwandike mapema, maana wanawake wanaokaa mlangoni huwa wanaona mengi kuliko wanavyosema.

Kaka wa stoo amenichukiza zaidi ya mzee, nasema wazi. Mzee alikutaka, ni uovu wake. Huyu ni mwenzako, mnakula chakula cha mchana pamoja, naye akauza namba yako halafu akaugeuza uchungu wako kuwa ngonjera. Akipita tena akijikuna, usigeuze uso. Acha kazi unayofanya, mtazame, muulize kwa sauti ya kawaida mbele ya wateja: “Kaka, hiyo maana yake nini? Hebu nieleze.” Basi. Subiri jibu. Mchezo wa namna hiyo unaishi kwa kutoelezwa, na hakuna mwanamume atakayesimama katikati ya duka aeleze maana ya kukuna kiganja. Fundi naye akinyoosha, muulize vile vile.

Habari ya daftari la wakala isingoje. Wale wadada waliandika namba zao ili wapate pesa yao, hawakuandika ili waandikiwe usiku. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023, na inakataza taarifa zilizochukuliwa kwa kazi moja kutumiwa kwa kazi nyingine. Lawama ya kwanza itamwangukia mwenye daftari, na daftari liko chini yako. Kuanzia kesho likae kwenye droo yenye ufunguo, ufunguo ukae kwako, na mteja aandike wewe ukiwepo. Yule mama aliyekuja kulalamika, kama unamfahamu, mwombe msamaha kwa niaba ya duka na umwambie daftari sasa linafungwa. Halafu mweleze mama mdogo hilo waziwazi, kwa jina la mhusika. Hapo hakuna mteja mkubwa wa kumwogopa, na ataelewa haraka kwamba duka linalovujisha namba za watu linakimbiwa.

Nabaki na yule keshia wa kwanza. Aliyetuma funguo kwa bodaboda na hakuonekana tena. Sijui kilichomkuta na sitaki kubuni. Lakini mtu aliyeudhiwa na mshahara huja kudai mshahara wake, na aliyepata kazi nzuri zaidi huja kuaga. Kijana wa mzigo huenda anajua alipo. Usimwombe namba yake. Mwombe amfikishie yako, na ujumbe kwamba keshia wa sasa angependa kuongea naye, ili aamue mwenyewe.

Akipiga, usimuulize kwa nini aliondoka. Mweleze yaliyokupata wewe, kuanzia kile kidole, halafu nyamaza umsikilize.